Wake Wema Kwenye Kicheni Pati

Wifi yangu hajawahi kumaliza filamu hata moja tangu afike Marekani. Ataweka diski, atajifunika blanketi, na majina ya waigizaji hayajaisha kupita utamsikia anakoroma. Simcheki. Miaka ile alikuwa akifanya zamu mbili kwenye nyumba ya kulelea wazee, na kochi ndilo lililokuwa likizo yake. Lakini usingizi wake ndio uliotuletea ile filamu, na ile filamu ndiyo iliyonivua nguo mbele ya nafsi yangu, kwa hiyo naanzia kwenye kochi.

Binti yake alikuwa anaolewa. Sisi tuliishi Herndon, wao Sterling, mwendo wa dakika kumi na tano kama hakuna foleni, na ndege za Dulles zilishuka juu ya mapaa yetu sote bila ubaguzi. Wifi alitaka kicheni pati ya maana. Kwa asiyejua, hiyo ni shughuli ya wanawake watupu kabla ya harusi: kila mmoja anamletea mwali chombo cha jikoni, watu wanakula, wanacheza, na katikati ya yote mwali anakalishwa mkekani afundwe namna ya kuishi na mume. Anayemfunda ndiye somo. Safari hii somo nilichaguliwa mimi, mke wa mjomba wake.

Sababu ya kuchaguliwa ilikuwa moja tu: nilikuwa mke mwema. Sijisifu, ndivyo nilivyoitwa, tena kwa sauti. Mume wangu alikuwa fundi kwenye jengo moja la mitambo ya kompyuta kule Sterling, jengo lisilo na madirisha, na mashati yake ya wiki nzima niliyapiga pasi kila Jumapili. Mimi mwenyewe nilikuwa namhudumia bibi mmoja wa Kimarekani aliyepooza upande. Nilirudi saa kumi na moja jioni, na ikifika saa moja mume na watoto wanakuta ugali, mboga na samaki mezani, na kitambaa cha kufutia mikono kimekunjwa pembe nne. Wageni wakija bila taarifa walikuta sambusa. Sijui hata mimi zilikuwa zinatoka wapi. Wanawake waliwaambia mabinti zao, "Mwangalieni yule," nami nikatabasamu.

Wasichokijua ni kwamba kwenye droo ya vijiko nilikuwa nimeficha barua. Chuo cha jirani kilikuwa kimenikubali kusomea uuguzi. Haikuwa barua ya kwanza. Kila mwaka niliomba, kila mwaka wakanikubali, na kila mwaka mume wangu aliisoma barua yote kwa makini, akaikunja, akasema, "Mwakani." Si mtu mbaya. Hajawahi kunipandishia sauti. Alisema mwakani kwa upole uleule anaomwambia mtu pole. Masomo yalikuwa ya jioni, siku tatu kwa wiki, na kila tulipofika kwenye swali la nani atapika siku hizo tatu, mimi niliinuka kwenda kuosha vyombo.

Wiki moja kabla ya shughuli, mwali alikuja kwangu peke yake. Huyu amekulia hukuhuku. Kiswahili anakisikia chote, lakini kukisema anakichanganya. Alikuwa amebakiza mwaka mmoja chuo kikuu, anasomea ufamasia, na alikuwa na akili ya kutisha. Mchumba alikuwa Houston, kijana mzuri wa kwetu, naye alitaka waondoke pamoja mara baada ya harusi. Shule angemalizia hukohuko, baadaye. Mama yake na bibi yake walikuwa wameshakubali.

"Anti, be honest," aliniambia, amekaa juu ya kaunta yangu kama alivyozoea tangu utoto. "Wewe si ulitaka kuwa nesi? Uli-regret kungoja?"

"Mbona unaniuliza mimi?"

"Because siku ile wewe ndio somo. Bibi alisema neno la somo hakuna mtu anabisha. Ukisema nimalize kwanza, mami hawezi kusema kitu. Hata yule wa Houston hawezi."

Alikuwa sahihi. Kwetu neno la somo mkekani ni neno. Akina mama watanung'unika garini wakirudi nyumbani, lakini hakuna atakayelipinga mbele ya mwali. Nikavuta droo, nikamwonyesha barua. Sikuwa nimemwonyesha mtu mwingine isipokuwa mume wangu. Aliisoma, akanitazama, akanirudishia. Nikamwahidi kwamba nitalisema mbele ya wote, tena litakuwa neno langu la kwanza. Akanikumbatia, akala sambusa nne, akaondoka.

Sasa turudi kwa wifi na filamu yake. Kadi ya mwaliko ilisema saa nane mchana. Kila mtu wa kwetu anajua kwamba saa nane ya kadi ni saa kumi ya watu. Lakini mwali alikuwa amealika rafiki zake wanne wa chuo, Wamarekani, na hao wangefika saa nane kweli. Wifi akaona aibu kuwakalisha ghorofa ya chini kwa saa mbili wakitazama viti. Akaenda kwenye duka la kukodi filamu, akaomba filamu ya kuchekesha, ya wake wema, isiyo na matusi. Wakampa moja iliyokuwa imetoka si muda mrefu, ambayo nayo ilikuwa imetengenezwa upya kutoka ya zamani. Juu ya kasha kulikuwa na wanawake warembo wenye magauni ya maua, hakuna hata unywele mmoja uliokaa vibaya. Wifi akaiweka, akawaona wakipika keki na kuwachekea waume zao, akaridhika, akalala.

Kesho yake akanipigia simu. "Wifi, nimepata filamu ya kumfunda mwali kwa Kiingereza."

"Inaishaje?"

"Vizuri tu. Wanapika."

Siku yenyewe, saa nane kamili, wale wasichana wanne waliingia na maboksi yaliyofungwa riboni. Alikuwepo pia rafiki yangu mmoja Mkenya, nesi, ambaye hufika mapema kila mahali ili achague kiti. Na kwenye sofa, katikati, alikaa mama mkwe wangu, bibi wa mwali, aliyekuja kutoka Tanga kwa ajili ya harusi. Huyu mama mumjue vizuri. Kwao ni kungwi, mwalimu wa mabinti wa mtaa mzima, na hakuna ndoa upande ule wa mji ambayo hana mkono wake ndani. Kiingereza hajui. Nikaambiwa nikae ubavuni mwake nimfasirie.

Mwanzoni kazi ilikuwa nyepesi. Wale wake walikuwa wakizunguka na sinia za keki kwenye majani yaliyokatwa sawasawa, mtaa wenyewe kama ule tuliokuwa tukiupita kwenda dukani, na mama mkwe alikuwa anatikisa kichwa kwa furaha.

"Tazama jiko lile," akasema. "Sakafu yang'ara, na mwenyewe hana hata jasho. Huyo kafundwa."

"Kafundwa, mama."

"Na mumewe hasemi kitu. Mume akiridhika hasemi."

Wageni wakaanza kuteremka ngazi, mmoja mmoja, wawili wawili, na kila aliyefika alikaa na kutazama. Kufika saa tisa unusu chumba kilikuwa kimejaa vitenge. Filamu ilikuwa ya dhihaka tangu mwanzo, yeyote mwenye Kiingereza chake aliliona hilo, na wale wasichana wanne walikuwa wanacheka mpaka wanaegemeana. Walipocheka wao, akina mama wetu walikuwa wanaitikia kwa vichwa kama wako kwenye mahubiri. Mimi nilikaa katikati nisijue nicheke au niitikie.

Kisha mke mmoja mbishi, mwenye kazi yake na mdomo wake, akalala mbishi akaamka mpole. Alitokea asubuhi na gauni la maua, sauti imelainika, macho yanakutazama lakini hayakuoni.

"Haki huyu si ndiye alikuwa na mdomo jana?" akauliza yule rafiki yangu Mkenya. "Wamemfanya nini?"

Mama mkwe akanivuta mkono. "Wasemaje?"

Nilifikiri kidogo kumdanganya. Lakini kwenye runinga wakati huohuo mmoja wa wake aliharibika mbele za watu, akawa anazunguka na kurudia neno lilelile, na cheche zinamtoka. Hapo hata asiyejua Kiingereza haongopewi.

"Mama, hawa ni mitambo," nikasema. "Wametengenezwa wawe hivi."

"Na nani?"

"Na waume zao."

"Wenyewe?"

"Wenyewe."

Wifi alikuwa ngazini na sinia ya visheti, macho yamemtoka. "Jamani," akasema, "hii sehemu mbona mimi sikuiona?"

Mama mkwe aliitazama runinga kwa muda mrefu. Mwishowe akapiga ulimi. "Waya zote zile za nini?" akasema. "Wangeniletea mie. Siku saba tu."

Watu walicheka mpaka wakalia. Visheti vikamwagika ngazini. Mkenya aliwafasiria wale wasichana wanne kwa Kiingereza, nao wakaangua kicheko upya. Na aliyeanza kucheka kabla ya wote nilikuwa mimi. Nilicheka mpaka nikashika mbavu, kisha nikakumbuka kwamba mimi nililetwa.

Mama yangu alifariki nikiwa mdogo, kwetu ni Singida, na nilipochumbiwa hapakuwa na mtu wa kunifunda. Mama mkwe akasema isiwe tabu, akanichukua yeye mwenyewe, chumba cha uani, Tanga, siku saba. Nilipoingia nilikuwa msichana wa kubishana na walimu na kucheka kwa sauti ya kusikika mtaa wa pili. Nilipotoka nilikuwa najua kukunja kitambaa pembe nne. Hakuna aliyenilazimisha, naomba lieleweke hilo. Nilifundishwa kwa mapenzi, na nilikuwa mwanafunzi hodari. Nilikaa pale kwenye sofa na kicheko kimeniganda usoni, nikawaza kama kuna mtu ananiona.

Wifi akaitoa diski haraka, mkeka ukatandikwa, mwali akaletwa amefunikwa kanga mbili, akakalishwa. Nikasimama mbele na vikadi nilivyoandikia maneno ya kumfunda. Cha juu kilikuwa na maneno matatu: Maliza shule kwanza. Nilikuwa nimeyaandika kwa herufi kubwa ili woga usije ukanifanya nisome kitu kingine.

Mbele yangu alikaa mama mkwe, mikono juu ya magoti, ananitazama kama fundi anavyotazama kabati alilolitengeneza mwenyewe. Kando yake wifi na kamera ya video. Mkanda ule ungekwenda Tanga, ungekwenda Dar es Salaam, ungetazamwa na shangazi ambao sijawahi kukutana nao. Mwali alikuwa ameinua kanga kidogo. Jicho moja lilikuwa linanitazama, na kwenye mapaja alikuwa na daftari dogo na kalamu, kwa sababu huyo mtoto anaandika kila kitu.

Nikafungua mdomo. Na ikatoka sauti ambayo sikuiita.

"Mwali," nikasema, "mume akirudi, mpokee mzigo kabla hujampokea maneno."

Vigelegele.

Basi ikawa imekwisha. Nilijua imekwisha, na sikuweza kujizuia. Nikasema asimjibu mume mwenye njaa. Nikasema tabasamu la mke lisichukue likizo. Yalikuja yenyewe, yamepangika, mengine nilifundishwa kule uani na mengine nilikuwa nayatunga palepale, na kila moja lilipokewa kwa vifijo, na vifijo hivyo vikanisukuma kwenye jingine. Nilikuwa natabasamu. Nilisikia mashavu yakiuma. Nilipofika la tisa nikaona jicho la mwali bado linanitazama, linangoja, na mama yake yuko nyuma ya kamera, na bibi yake yuko mbele. Nikasema, "Na shule, mwanangu, haikimbii. Mume ndiye hukimbia."

Hapo nyumba ilitaka kupasuka. Wanawake walisimama, walitunza, walinirushia kanga. Mama mkwe mwenyewe aliinuka, akanishika mashavu kwa mikono miwili, akasema mbele ya wote, "Huyu ni kazi yangu." Mwali akaishusha kanga, akaandika.

Saa mbili baadaye nilikuwa jikoni naosha masufuria, kwa kuwa hata kwenye shughuli niliyokuwa mgeni rasmi mimi ndiye niliyeosha masufuria. Mwali akaingia, akachukua taulo, akaanza kukausha.

"Anti, you were so good," akasema hatimaye. Hakuwa na hasira. "Uli-sound kama wale wake wa kwenye muvi."

Akatundika taulo, akarudi kwa wageni wake.

Sikulala vizuri siku zilizofuata, na Jumatatu nilimwomba ruhusa binti wa yule bibi niliyemhudumia, nikaenda chuoni, nikajiandikisha. Ningependa kusema ulikuwa ushujaa. Ilikuwa aibu tu, na aibu nayo ina miguu. Jioni chakula kikiwa mezani nikamwambia mume wangu kwamba kuanzia mwezi ujao Jumatatu, Jumatano na Alhamisi atapika yeye. Akaanza kusema lile neno lake. Nikamwambia nimeshajiandikisha. Akamgeukia mama yake, aliyekuwa akikaa kwetu wiki ile.

"Mama unasemaje?"

Mama mkwe alimaliza tonge lake, akanawa. "Kitambaa kiko wapi?" akauliza. Sikuwa nimekikunja. Kilikuwa kwenye kiti, kimejikunja chenyewe kinavyotaka. Akakichukua, akajifuta, na hilo ndilo jibu tulilopata.

Kwa mwali sikurudi. Harusi ilikuwa baada ya siku tano na ningeweza kumpigia simu siku yoyote katika hizo. Nilijiambia maji yakimwagika hayazoleki. Nilijiambia mkanda umeshatumwa Tanga, nikimwambia vingine nitamchanganya. Ukweli ni kwamba niliona haya, na siku zikapita, akaondoka na mumewe kwenda Houston akiwa amebakiza mwaka mmoja wa shule.

Mimi nilisoma. Sitaki kueleza sana. Yeyote aliyesoma akiwa na kazi, watoto na mume anayejifunza kupika wali anajua. Mwaka wa kwanza tulikula wali wa bokoboko mpaka mwanangu mdogo akadhani ndivyo wali ulivyo. Nilifeli mtihani mmoja wa dawa, nikaurudia. Miaka michache baadaye nilivaa koti jeupe, nikaapishwa pamoja na wenzangu, na wifi akatufanyia karamu katika nyumba ileile ya Sterling. Mume wangu alipika pilau. Iliungua kidogo chini, na alijisifu kama ndiye aliyeapishwa.

Mwali alikuja kutoka Houston. Alikuwa na mtoto wa kiume wa miezi minane kwapani, na gauni jipya, na keki aliyoipika mwenyewe na kuibeba mapajani ndani ya ndege, imepakwa sukari nyeupe bila mkwaruzo hata mmoja. Watu waliizunguka ile keki, wakaisifu. Mama zake wadogo waliwaambia mabinti zao, "Mwangalieni yule."

Niliingia jikoni kuchukua sahani, nikamkuta tayari anaosha masufuria, mtoto yuko mgongoni.

"Hongera, anti," akasema. "Niliwaambia wote kule kwamba wewe sasa ni nesi."

"Na wewe?" nikamuuliza. "Ule mwaka mmoja uliobaki?"

"Mwakani," akasema. Kisha akatabasamu. Alitabasamu vizuri sana, meno yote, na nilimtazama macho na sikumwona yule mtoto wa juu ya kaunta. "Shule haikimbii, anti. Si ulisema? Zile rules zako nimeziweka kwenye friji, kwa sumaku. Zote tisa."

Ule uso niliujua. Nilikuwa nimeuvaa miaka kumi na moja, na niliuvua, na kumbe sikuutupa, nilimpa mtu.

Nilimchukua mtoto, nikatoka naye, nikamkabidhi kwa mume wangu aliyekuwa bado anasimulia pilau. Nikarudi, nikafunga mlango wa jikoni. Nikamtoa sufuria mkononi, nikamwambia akae juu ya kaunta. Alikaa polepole, kama mtu asiyekumbuka mahali hapo.

"Nilikudanganya," nikasema.

Tabasamu lilibaki kidogo, halafu likaanza kutoka. "Kwenye ipi?" akauliza. "Namba ngapi?"

"Ile waliyoipigia vigelegele kuliko zote."